Futari za Jumatatu na Alhamisi

Kabla ya kumfundisha mtoto herufi hata moja, Ustadha alitaka kwanza aone kinywa alicholetewa. Mtoto alikalishwa juu ya debe lililopinduliwa karibu na dirisha, akaambiwa afumbue, naye Ustadha akainama na tochi yake ndogo na mpini wa kijiko, akachungulia humo kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. "Ulimi juu. Chini. Utoe. Usiung'ate, hakuna anayeuiba." Alitaka kujua kama ulimi haukushikwa chini na uzi mfupi, kama meno ya mbele yapo, kama kaakaa ni zima. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kuisoma Kurani kwa matamshi yake, na matamshi, kwa maoni yake, yalianza kwenye nyama na mifupa.

Chumba cha darasa kilikuwa Namuwongo, karibu na reli, na treni ya mizigo ilipopita sauti zetu zote zilimezwa. Ustadha hakupaza sauti. Aliinua kidole, akasubiri behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea palepale kwenye herufi aliyoiacha, na ole wake aliyekuwa amesahau tulifika wapi. Mimi nilikaa mbele yake nikiwa mtoto wa meno ya maziwa, nikarudi nikiwa mke wa mtu, katika darasa la wanawake la Jumamosi. Siku hizi nauza sabuni na dawa ya meno kwa jumla kule Kikuubo, na wiki haipiti bila kumkumbuka. Ningependa kumkumbuka kwa furaha tu, lakini siwezi.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakulipenda, na hata marehemu mumewe alimwita Ustadha, hata pale alipokuwa anaomba chumvi mezani. Naye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Alituacha mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza, na waliomzika walikuwa wengi kuliko njia ya kwake ilivyoweza kubeba.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha watu waliotoka pwani zamani na biashara zao wakabaki Kampala bila kuiacha lugha. Chetu kilikuwa cha sokoni. Mtoto akisema, "Ustadha, kitabu yangu imebaki kwa nyumba," yeye alijibu, "Kitabu changu kimebaki nyumbani. Na wewe ungebaki nacho ukilinde." Wengi wetu tulizungumza Kiganda majumbani, basi herufi za lamu na raa zilipishana midomoni mwetu bila aibu, na herufi ya thaa ilitoka siin kwa kila mmoja. Hiyo thaa ndiyo aliyoipigania kuliko zote. Alituonyesha kwa meno yake mwenyewe jinsi ncha ya ulimi inavyojitokeza kidogo katikati ya meno ya mbele na pumzi ikapita taratibu. "Achungulie tu," alisema juu ya ulimi. "Asitoke nje kwenda kununua nyanya."

Na meno yenyewe yalistahili kuonyeshwa. Yalikuwa meupe, yamepangana, na katikati ya yale mawili ya juu kulikuwa na mwanya mwembamba, wa aina ambayo wanawake wa kwao huisifu hata harusini. Aliyasugua kwa mswaki wa mti kabla ya kila swala. Wanawake wengine wa rika lake walipocheka walifunika mdomo kwa ncha ya leso, lakini yeye alicheka waziwazi, kichwa nyuma, kila mtu aone. Alikuwa mcha Mungu, hilo silikatai, ila kwa meno yale alikuwa na majivuno ya msichana.

Mambo yake hayakukubaliana yote. Alimnyang'anya mtoto peremende mlangoni na kumhubiria juu ya meno yanayooza, kisha akageuka na kunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Alitukataza kumsema mtu, lakini Jumapili alasiri akisikiliza mpira redioni alimsema mwamuzi, na mama wa mwamuzi, na shule aliyosoma. Sisi watoto wenye meno mabovu aliandamana nasi mwenyewe kwenda kung'olewa, akatushika mikono na kutukemea tulipolia. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye kile kiti. Nilipomuuliza siku moja, nikiwa mtu mzima tayari, alinijibu kwamba meno yake hayajamkosea, ayapeleke kushtakiwa kwa lipi.

Kwa kuchungulia vinywa miaka yote ile alikuwa ameokota ujuzi fulani, na aliuamini kupita kiasi. Akiona fizi zimepauka aliwaambia wazazi mtoto hana damu, wampe mboga za majani na wampeleke akaangaliwe. Akiona pembe za mdomo zimechanika alisema vivyo hivyo. Mara nyingi alipatia. Mara nyingine alikosea vibaya, kama kwa yule mvulana mwenye mabaka kwenye ulimi, ambaye alimtangaza kuwa amejaa minyoo na kumnywesha dawa chungu kwa wiki nzima. Muuguzi wa zahanati akasema huo si ugonjwa, ndimi za watu wengine zina mabaka yanayohamahama kama ramani. Ustadha hakupenda kusahihishwa. "Ramani ya wapi?" akauliza, na habari ikaishia hapo.

Lakini kuna kosa ambalo hakulifanyia mzaha maisha yake yote. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa kike siku ya darasa la wanawake, sote tumekaa. Ustadha akamulika tochi, akaona ukungu mweupe umetanda kwenye ulimi na ndani ya mashavu, akasema kwa sauti ileile ya kufundishia, "Mtoto huyu mpeleke akapimwe damu." Miaka ile, ukisema mtu akapimwe damu, hakuna aliyeuliza damu ya nini. Wanawake wakatazamana. Habari zikatoka mlangoni kabla ya mama mwenyewe kutoka. Baadaye tulisikia mtoto alikuwa amemeza dawa kali za kifua kwa muda mrefu, na ule weupe ulikuwa ukungu uliofuata dawa hizo, ukaisha kwa matone. Kufikia wakati huo, baba wa mtoto alikuwa amekwisha kuamini ya mtaani na kuondoka, na yule mama alihama Namuwongo pamoja na mtoto wake bila kuaga mtu.

Ustadha alimtafuta. Najua alikwenda mpaka soko la Nakawa mara kadhaa, alikoambiwa mama huyo anauza ndizi, na mara zote alirudi bila kumwona. Ndipo akatuwekea sheria. Kuanzia siku hiyo, kinywa cha mtu hakisemwi. Ukiona jino limeoza, hukuliona. Ukikaa karibu na mtu na pumzi yake ni nzito, vuta hewa kidogo kidogo na umsikilize anachosema. Aliyekiuka alisimamishwa mlangoni, awe mtoto au awe mke wa haji. Katika yote aliyotufundisha, nadhani hili ndilo tulilolishika vizuri zaidi, na natamani tungelishika vibaya.

Mumewe alipofariki, Ustadha alianza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Funga hizo ni za hiari, za mwenye kutaka, na katika mtaa wetu hazikuwa na wengi. Majirani walifurahi nazo kuliko hata yeye. Anayemfuturisha aliyefunga anapata thawabu sawa na ya mfungaji, basi hapa palikuwa na mfungaji mlangoni mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, bila kusubiri Ramadhani. Sahani zikaanza kupita. Aliyeongoza alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Zuhura, Mnubi, mke wa dereva wa lori, mwanamke wa mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi. Magharibi ikikaribia utamwona anavuka na sahani ya tende na bakuli la uji wa mtama uliotiwa sukari bila huruma. Wengine walileta maandazi, wengine ndizi zilizoiva za kukaanga. Nami nilileta kaimati nilipopata nafasi, na shira nilizidisha kwa sababu nilijua anavyopenda.

Sijui ilianza lini hasa. Nikitazama nyuma naona ishara zote zimepangwa mbele yetu, na kila moja tuliipa jina zuri. Kinywa chake kilianza kukauka, midomo ikawa inagandana akisoma aya ndefu, tukasema ni funga. Pumzi yake ikaanza kunuka, harufu ya matunda yaliyosahauliwa mfukoni, na chini yake harufu nyingine nzito zaidi. Tukasema ni funga, na si tunafundishwa kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga inapendeza mbele ya Mungu kuliko miski? Basi kuna wanawake waliosogea karibu naye makusudi, wapate baraka. Harufu ilikuwepo hata Jumatano. Hakuna aliyelitafakari hilo, au aliyelitafakari alikumbuka sheria akanyamaza.

Alianza kutoka darasani mara kwa mara, akirudi na uso na mikono imelowa. Tukasema, mtazameni, hawezi kukaa bila udhu. Akakonda. Tukasema ni ibada. Hata ule mwanya wake ulipanuka, yale meno mawili yakaachana polepole na kuanza kujitokeza mbele, na nakumbuka Jumamosi moja mwenzetu akamwambia kwa mapenzi ya kweli, "Ustadha, mwanya wako unazidi kupendeza." Akacheka, lakini safari hii alifunika mdomo kwa leso. Niliona damu kwenye pindo la leso hiyo. Nami nilikuwa mwanafunzi mwema, sikuona.

Jino la kwanza lilitoka darasani. Alikuwa anamwonyesha mtoto mpya ile thaa, ncha ya ulimi imechungulia, na alipobonyeza tu jino likaja mbele pamoja na ulimi, bila hata sauti. Alilitoa mdomoni, akalitazama, akalifunga kwenye leso na kusema, "Rudia." Mtoto akarudia. Somo likaenda mpaka mwisho, na hakuna mtoto aliyecheka. Jioni ile alinipigia simu nikiwa nafunga duka, akaniuliza kama namfahamu daktari wa meno asiye na maneno mengi.

Nilimpeleka Nakawa, kwa kijana mmoja mwenye chumba juu ya maduka ya vipuri. Ustadha alikaa kwenye kiti amekunja ngumi zote mbili. Kijana akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, akabonyeza ufizi, usaha ukatoka. Akagusa jino hili, likatikisika. Akagusa lile, likatikisika. Hakusema kitu juu ya meno. Aliuliza, "Mama, usiku unaamka sana kwenda kukojoa?"

Ustadha alinitazama mimi kwanza, kama kwamba swali lile nimelileta mfukoni. "Nimekuja kwa jino," akasema.

"Naelewa, mama. Lakini hii fizi si shida ya jino peke yake. Watu wa sukari ndio naona fizi zao hivi. Wacha nipime kidole."

"Sukari itoke wapi, kijana? Mimi ninafunga."

Akampima. Akakitazama kile kimashine, akachukua kidole kingine, akapima tena. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake na kumweleza kwa upole kwamba yale meno hayakumkosea. Sukari ilikuwa imemtafuna muda mrefu, kinywa ndicho kilichokuwa kinapiga kelele, na sasa aende hospitali kesho, asingoje. Asifunge bila daktari kumruhusu. Tende, uji wa sukari, vitu vya shira, aviache kabisa.

Nilimrudisha Namuwongo. Tulipofika karibu na reli alisimama, akashika mkono wangu juu ya kiwiko. "Umeona kinywa cha mtu," akasema. "Unajua adabu yake."

Nilijua. Nikanyamaza, na sahani zikaendelea kuvuka kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mimi kaimati niliacha kuleta, nikasingizia kazi. Nilimsihi awaambie majirani. Alisema vyakula hivyo anawagawia watoto wanaopita. Nilimsihi aache kufunga. Alisema Mungu atampa nguvu. Nilidhani ni ukaidi wa ibada, na nikamkasirikia, na hasira ile ilinifanya niende kwake mara chache kuliko nilivyopaswa.

Yaliyofuata yalifuatana haraka. Meno ya mbele yaliondoka yote, ya juu na ya chini. Hospitali walimpa dawa na alizimeza, lakini zilikuwa zimemkuta mbali. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, akakanyaga msumari asijue, wakamkata vidole kisha nusu ya mguu. Macho yakafifia. Watoto wake walichanga wakamtengenezea meno ya bandia, meupe mno, na thaa aliyoitoa nayo ilipiga mluzi. Aliyavua siku hiyohiyo na hakuyavaa tena.

Aliendelea kufundisha bila meno. Kwa herufi ile aliweka ulimi juu ya ufizi mtupu, na kwa kuwa hapakuwa na meno ya kuuzuia, ulimi ulitoka nje wote. Watoto hufuata wanachokiona. Mtaani kwetu kuna kundi la vijana ambao leo wakisoma, thaa yao inatoka na ulimi mrefu na upepo mwingi, na ukiwasikia unajua walisoma miaka ile ya mwisho. Msikiti mwingine waliwacheka vijana hao kwenye mashindano, na yeye akasikia. Mwezi huohuo alifunga darasa. Aliwaambia wazazi kwamba amechoka. Alikuwa amelipenda darasa lile kuliko nyumba yake, na alilifunga kwa sababu ya herufi moja.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa Alhamisi moja ya mwaka jana, alasiri. Nilikuwa natoka Nakawa kupokea mzigo, nikapita kwake bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta kitandani ameegemea ukuta, ameshika jagi la maji kwa mikono miwili, na anakunywa. Hakuwa anaonja. Alikuwa anakunywa kama mtu aliyetoka shamba, na jua bado liko juu.

Nikageuza uso nikajifanya natafuta pa kuweka mfuko.

"Usigeuke," akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika kwa kukosa meno, maneno yote yalikuwa na mviringo. "Macho yangu mabovu lakini hayo nimeyaona. Kaa."

Nikakaa kwenye lile debe la darasani, lililohamishiwa kando ya kitanda. Nilimuuliza kama daktari amemkataza kufunga, nikamwambia nimefurahi kwamba hatimaye amesikia.

"Sikufunga leo," akasema. "Wala Jumatatu. Sijafunga Alhamisi hata moja tangu kabla jino la kwanza halijatoka."

Nilitega sikio kwa treni ya kuzimeza sauti zetu; haikuja.

"Kiu ile, mwanangu, hujaijua. Nilikuwa naamka nimebeba ulimi kama kipande cha mbao. Siku ya kwanza nilikunywa saa nne asubuhi, nikasema nitailipa kesho. Magharibi Mama Zuhura akaja na sahani yake, amevaa vizuri, amepika kwa nia. Ningemwambiaje? Amekuja kutafuta thawabu kwangu. Nikala. Alhamisi nikanywa tena, sahani ikaja tena. Baada ya hapo ilikuwa kazi kurudi nyuma."

"Ustadha, sisi tulidhani kile kinywa…" nikaanza, nikasita.

"Sema."

"Tulisikia harufu. Miaka mingi. Tulisema ni funga."

Ulimi wake ukapita juu ya fizi kutoka upande mmoja mpaka mwingine. "Niliwafundisha vizuri," akasema, na sikusikia mzaha ndani yake. Kisha akasema anajuta. Alilisema neno hilo wazi, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akijutia kitu chochote isipokuwa jambo la yule mama aliyehama. Alisema hajutii mguu, miguu ya watu wengi imekatwa. Anajutia watoto wale wa thaa ya upepo, na anajutia kwamba siku alipokunywa maji kwa kujificha hakufungua mlango akasema kwa sauti, nina kiu isiyoisha, nini hiki? "Mmoja wenu angesema, mama yangu alikuwa hivyo. Lazima mmoja angesema."

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mwadhini alipoadhini Magharibi. Mlango ukagongwa, na Mama Zuhura akaingia na sahani iliyofunikwa kitambaa, na bakuli. Ustadha akaketi wima. Akamshukuru, akamwombea yeye na mumewe barabarani na watoto wake mmoja mmoja kwa majina, na kila jina alilitamka kwa taabu. Mama Zuhura akaitikia amina mikono ameikunjua, akaniamkia, akaondoka.

Ustadha akasukuma sahani na bakuli upande wangu. "Mrudishie," akasema. "Umwambie yote mawili, la funga na la sukari. Mimi nikimwambia nitalia, na sitaki alie na yeye mbele yangu."

Ni hatua chache tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, lakini nilizitembea polepole. Mama Zuhura alikuwa bado hajavua viatu. Aliziona tende zote zipo, uji umejaa, akaniuliza, "Amefungulia na nini sasa, kama hii amekataa?"

"Hakuwa amefunga, Mama Zuhura."

Nilingoja ashangae, au akasirike kwa ajili ya tende zake za miaka yote ile. Alichukua sahani na bakuli mikononi mwangu na kuviweka juu ya meza.

"Hiyo najua," akasema. "Siku nyingi. Mimi niliona yeye anakunywa maji hapo nyuma, jua iko juu kabisa. Nikarudi kwa nyumba yangu nikanyamaza. Sisi yote hapa tunajua."

"Na bado unampelekea?"

"Nikiacha kuleta, yeye atajua ya kwamba mimi najua." Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo rahisi kwa mgeni. "Sasa mwalimu wangu nitamvua nguo namna gani?"

Nikamwambia la pili. Nikamwambia fizi zile, mguu ule, macho yale, vyote ni sukari, na daktari alikataza tende na uji tangu wakati ule wa jino la kwanza. Hilo hakulijua. Niliona linavyomwingia, kwanza usoni, kisha mikononi. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wake na kuweka viganja juu ya magoti, ile mikono mikubwa iliyokoroga uji wote ule, akaitazama.

Alikaa hivyo mpaka watu walipoanza kurudi kutoka msikitini. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyejua, lakini mimi nilijua, kwa hiyo nikakaa kando yake. Mwishowe akainuka, akazimimina tende kwenye kopo, akafunga kifuniko na kuusafisha mkono kwenye leso yake.

"Sasa Jumatatu nitapelekea yeye nini?" akauliza.

Nikamwambia ampelekee mboga ya majani ya dodo na samaki, na apeleke mchana.